MWENYE GETI NDIYE MWENYE STIMA



Kuna neno limezoeleka vinywani mwa wakubwa wa kazi, nalo ni hili: "Mambo ya rektifaya waachieni wenyewe." Fundi akiuliza ndani ya kabati la chuma mna nini, huambiwa kazi yake ni kufungua mlango, kupangusa vumbi na kufunga. Akiuliza namba ya siri ya kuuingilia mtambo, huambiwa iko kwa mwenye mtambo, na mwenye mtambo yuko ng'ambo. Sisi twasema neno hilo ni baya, tena lina hatari, na katika karatasi hii tutaeleza sababu. Tutaanza na Korbesa, ingawa wengi wenu hamjafika huko, kwa maana mahali palipo mbali na karakana ndipo neno hilo linapoumiza zaidi.

KORBESA NA ILE LAINI KUBWA

Korbesa ni mji mdogo wa wafugaji katika sehemu ya Merti, Kaunti ya Isiolo, katika bonde la Ewaso Ng'iro. Nchi hiyo imekaa miaka mingi mbali na nyaya za taifa. Merti yenyewe ilipata stima kwa mashine za dizeli zilizosimama peke yake, na mafuta yake yalipandishwa kwa lori kutoka Isiolo, safari ya zaidi ya kilomita 200.

Lakini Kaunti hiyo hiyo ya Isiolo imepitiwa na laini kubwa kuliko zote tulizo nazo. Laini hiyo yatoka Wolayta Sodo nchini Ethiopia hadi Suswa, kilomita 1,045, na katika hizo kilomita 612 ziko ndani ya Kenya. Yapita Marsabit, Samburu, Isiolo na Laikipia, kisha yateremka Bonde la Ufa. Imejengwa kubeba megawati 2,000, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika na shirika la Kifaransa la AFD. Mwezi wa Novemba 2022 stima ya Ethiopia ilianza kuingia nchini kwa laini hiyo.

Basi watu wa kaskazini wameuliza swali la haki: stima yapita katika nchi yetu, mbona sisi tuko gizani? Nao wamejibiwa majibu mawili. Mwanasiasa husimama juu ya gari na kusema, "Nichagueni, nitaishusha stima ile hapa." Mtaalamu husimama ofisini na kusema, "Haiwezekani, sayansi imekataa." Jibu la kwanza ni ahadi ya hewa. La pili ni kweli iliyokatwa nusu, na kweli iliyokatwa nusu huwadanganya watu kwa muda mrefu kuliko uongo.

Kweli yenyewe ni hii. Stima tunayoijua majumbani huenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Hiyo huweza kupandishwa na kushushwa na transfoma. Stima ya laini ya Suswa ni ya njia moja, haiendi na kurudi, nayo ina volti 500,000 juu ya ardhi katika upande mmoja, na volti 500,000 chini ya ardhi katika upande wa pili. Transfoma haiwezi kuishusha. Ili kuipata ni lazima kujenga kituo kizima cha kugeuza stima, na kituo hicho ni kazi ya mabilioni. Hapo mtaalamu amesema kweli.

Lakini ile nusu aliyoificha ni hii: sayansi haikuchagua vituo viwe wapi. Watu walikaa mezani wakachagua. Walichagua stima ya njia moja kwa sababu nzuri, maana kwa mwendo unaozidi kilomita 600 au 800 laini ya namna hiyo huwa rahisi zaidi na hupoteza kidogo, tena mitandao ya nchi mbili huunganishwa bila kulazimishwa kupiga hatua pamoja. Kisha wakaweka geti moja Sodo na geti la pili Suswa. Katikati hawakuweka kitu. Hilo halikuwa tendo la Mungu wala la sayansi. Lilikuwa shauri la wanadamu, na shauri la wanadamu laweza kuulizwa maswali.

HILO GETI NI NINI?

Tumesema "geti" si kwa mfano tu. Ndilo jina lake la kazi, na kila mfanyakazi, hata asiyekuwa fundi wa stima, anaweza kulielewa.

Rektifaya ni mtambo unaochukua stima ya kwenda na kurudi na kuifanya iende njia moja. Ile ya kawaida imetengenezwa kwa dayodi. Dayodi ni kama mlango wa bawaba moja: stima ikisukuma kwa mbele hufunguka, ikisukuma kwa nyuma hujifunga. Haina hiari. Inapitisha yote inayopewa.

Mwaka 1957 kampani ya General Electric ya Marekani ilitoa kitu kipya kinachoitwa thairista. Kwa umbo ni tabaka nne za silikoni. Kazi yake ni kama dayodi, ila imeongezwa geti. Stima ikisukuma kwa mbele, thairista haifunguki mpaka geti lipate amri, yaani mshtuko mdogo wa stima. Ikishafunguka haifungwi tena kwa geti. Hufungika yenyewe mkondo ukiisha, kisha hungoja amri nyingine.

Hapo ndipo penye siri yote. Ukitoa amri mapema, stima nyingi hupita. Ukiichelewesha, hupita kidogo. Kuchelewesha huko hupimwa kwa digrii za pembe, na digrii moja ni sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa mara 18,000. Chukua stima ya karakana ya volti 415, ya nyaya tatu, uipitishe katika thairista 6. Amri ikitolewa bila kuchelewa, utapata volti 560 hivi za njia moja. Ukichelewesha digrii 60, utapata nusu yake, volti 280. Ukifika digrii 90, hupati kitu. Na ukivuka digrii 90, mtambo ule ule, mradi kuna chanzo cha stima upande wa pili, hugeuka inveta na kurudisha nguvu ulikotoka. Ndivyo ilivyo Sodo na Suswa. Makabati ya pande zote mbili ni ndugu. Kinachoamua nani atoe na nani apokee ni pembe ya geti.

Wazee wa Waborana wataelewa jambo hili upesi kuliko injinia wengi. Kisima chao kina aba herega, mtu anayepanga zamu za kunywesha mifugo. Ng'ombe wa fulani waingie sasa, wa fulani wangoje, wale watoke kabla hawa hawajaingia. Aba herega hachoti maji, wala hana nguvu ya kumzuia fahali kwa mikono. Lakini bila neno lake makundi mawili huingia pamoja, na hapo ni vurugu na fimbo. Thairista 6 nazo hupeana zamu hivyo hivyo, mara 300 kila sekunde. Zile mbili zisizopaswa kuwa wazi pamoja zikifunguka pamoja, ni shoti, na fyuzi hulia kama bunduki.

Basi sasa mmejua. Katika mtambo huu nguvu iko kwa anayepanga zamu. Mwenye waya ana waya tu. Mwenye geti ndiye mwenye stima.

KONGO WALITANGULIA KUONA

Msidhani haya ni ya Isiolo peke yake. Ndugu zetu wa Katanga wameyajua tangu mwaka 1982. Mwaka huo ilimalizika laini ya kutoka bwawa la Inga, karibu na bahari ya Atlantiki, hadi Kolwezi, nchi ya shaba. Urefu wake ni kilomita 1,700 hivi, nayo ni ya njia moja, volti 500,000, imejengwa kwa megawati 560. Ilipita juu ya vijiji visivyohesabika vilivyokaa kwa vibatari. Hapakuwa na geti katikati. Waandishi wengi wamesema kwamba Mobutu alipenda hivyo, ili Katanga isipate kujitenga tena na Kinshasa, kwa sababu swichi ya migodi yake ingekuwa mbali, mkononi mwa mtawala.

Tazameni safari ya stima hiyo. Inatoka katika jenereta za Inga ikiwa ya kwenda na kurudi. Rektifaya inaigeuza. Inasafiri kilomita 1,700. Kolwezi inageuzwa tena kuwa ya kwenda na kurudi. Kisha katika mitambo ya shaba, kama ule wa Luilu karibu na Kolwezi, rektifaya nyingine huigeuza mara ya tatu na kuilisha katika mabirika ya asidi, maelfu ya ampea kwa volti chache, na shaba hujikusanya juu ya mabamba. Mara tatu stima ile hupita mbele ya geti, na kila mara geti lina mwenyewe. Mwanakijiji aliye chini ya nguzo hakuwa mwenye geti hata moja.

Tena bei ya shaba ilianguka, laini ikafanya kazi chini ya uwezo wake kwa miaka mingi, na deni likabaki juu ya mgongo wa raia. Nchi ilinunua geti bila kuuliza litafunguliwa kwa ajili ya nani. Sisi hatuna haja ya kurudia somo ambalo Kongo imelipia karo.

NCHI NZIMA ILIPOONA GIZA

Wako wanaosema kwamba kituo cha Suswa si kazi ya chama. Twawakumbusha tarehe 6 Septemba 2024. Asubuhi hiyo, kwa maelezo ya Serikali yenyewe, laini ya volti 220,000 ya Loiyangalani ilikatika huko Suswa ikiwa imebeba megawati 288 za upepo. Mara baada yake ikakatika ile laini ya Ethiopia iliyokuwa inaleta megawati 200. Megawati 488 zikapotea kwa pigo moja, na sehemu kubwa ya nchi ikaingia gizani.

Sisi hatumnyoshei mtu kidole kwa siku ile. Twaeleza tu jambo ambalo fundi anapaswa kulijua. Inveta ya thairista hutegemea stima ya upande unaopokea iwe imetulia. Upande huo ukishtuka na volti zikaporomoka, thairista zaweza kushindwa kupokezana zamu, na mtambo hujikata ili kujiokoa. Kwa hiyo mtu anayeongoza pembe za geti katika kituo kama hicho ameshika hospitali, viwanda, pampu za maji na mishahara yetu sisi sote. Viwanda viliposimama siku hiyo, wafanyakazi wa kibarua ndio waliopoteza ujira. Je, jambo linalokata ujira si kazi ya chama?

Mkataba wa kununua stima ya Ethiopia ulitiwa sahihi Julai 2022 na ni wa miaka 25: megawati 200 kwa miaka 3 ya mwanzo, kisha megawati 400 kwa miaka 22 inayofuata. Ndani ya miaka 25 kijana aliye darasani leo atakuwa amezeeka kazini. Twauliza: katika miaka hiyo 25, ni mafundi wangapi wa Kenya watakaofundishwa kuongoza geti, si kulilinda kwa rungu na kulifagilia vumbi? Kama mkataba wa stima waweza kuandikwa kwa hesabu ya senti, mkataba wa elimu nao waweza kuandikwa kwa hesabu ya vichwa.

TURUDI KORBESA, KWENYE KISIMA

Sasa tuache yale makubwa. Katika nchi kavu ya Merti maji ya visima virefu huvutwa kwa pampu za stima. Nyingi za siku hizi huendeshwa kwa jua mchana, na kwa jenereta ya dizeli wakati wa mawingu. Kati ya jua na pampu kuna kisanduku kilichofungwa ukutani. Ndani yake mna rektifaya ya kupokea stima ya jenereta, na inveta ya kuiendesha pampu. Ni Suswa ndogo, yenye ukubwa wa sanduku la nguo.

Fundi mmoja wa chama chetu aliitwa upande wa Korbesa kutazama pampu iliyonyamaza. Aliona mara moja kwamba kipande kimoja cha rektifaya, ukubwa wa kipande cha sabuni, kilikuwa kimeungua kwa sababu jenereta ilikuwa ikirusha volti ovyo. Alipata kipande kingine, akakifunga vizuri, akapima, mambo sawa. Lakini kisanduku kikakataa kuamka. Kilikuwa kimejifunga kwa namba ya siri, na namba hiyo ilikuwa kwa mwuzaji. Mwuzaji, ambaye hatumtaji, alijibu kwa simu kwamba asiguse kitu, mtu wao atakuja. Mtu wao alikuja baada ya zaidi ya wiki mbili. Alibonyeza namba, pampu ikaimba, akaandika hati ya malipo.

Wiki hizo mbili ngamia na ng'ombe walifukuzwa mbali kutafuta maji, na akina mama walikwenda na punda alfajiri kuchimba mchanga. Maji yalikuwapo chini ya miguu yao. Jua lilikuwapo juu ya vichwa vyao. Pampu ilikuwa nzima. Fundi alikuwapo, tena kazi yake alikwisha kuifanya. Kilichokosekana ni namba ya tarakimu chache.

Hii ndiyo maana tumesema neno lile la wakubwa lina hatari. Mtu anayenyimwa namba ya Suswa hukasirika. Mtu anayenyimwa namba ya kisima hufiwa na mifugo.

Na mambo haya yatazidi. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 kwa mradi wa KOSAP, wa kupeleka stima ya jua katika kaunti 14 zilizoachwa nyuma, Isiolo ikiwemo: vituo vidogo vya vijiji, mashule, zahanati na pampu za visima. Sisi twaupokea mradi wa namna hiyo kwa mikono miwili. Lakini kila kituo na kila pampu itakayofungwa ina kisanduku, na kila kisanduku kina geti. Tukikaa kimya leo, tutakuwa tumewapa wafugaji stima yenye kufuli, na ufunguo umepelekwa mbali.

VISINGIZIO VYAO NA MAJIBU YETU

Wanasema: "Fundi wa hapa akigusa, dhamana ya mtambo itavunjika." Sisi twajibu: dhamana ni karatasi iliyoandikwa na watu. Kabla ya kununua, andikeni ndani yake kwamba fundi aliyefundishwa na kupasishwa ana ruhusa. Anayenunua ndiye mwenye fedha, na mwenye fedha asipouliza kabla ya kulipa, ataulizwa yeye baada ya kulipa.

Wanasema: "Tukiwafundisha, watahama." Sisi twajibu: mtu hahami penye ujira wa haki. Tena mwajiri anayeogopa kufundisha mtu asije akahama, na akabaki naye bila elimu, amepata nini? Ana mtu asiyejua kazi, na mtu huyo hataondoka.

Wanasema: "Ni elimu ngumu, yataka digrii." Sisi twajibu: kutengeneza thairista kwataka kiwanda kikubwa na wataalamu wa silikoni, hilo twakubali. Lakini kuiongoza, kuipima na kuibadili ni kazi ya fundi stadi. Tumeieleza hapa kwa ukurasa mmoja. Mafundi wetu wa vituo hutunza chaja za betri za volti 110 zinazolinda laini za nchi. Wako wanaotunza makabati yanayolisha sumaku za jenereta katika mabwawa yetu. Hizo zote ni rektifaya. Kazi tunaifanya. Kinachokataliwa ni jina, cheti na mshahara wake.

Tena wanasema: "Korbesa ni mbali, hakuna mtu wa kufundisha." Hapo twawauliza: mbali na wapi? Kijana wa Korbesa hayuko mbali na Korbesa. Mfundisheni yeye, na umbali wote utakwisha siku hiyo hiyo.

USALAMA SI SADAKA

Wanachama, mnaosoma kwa haraka, someni hapa polepole. Mfanyakazi asiyefundishwa huweza kupoteza maisha, na rektifaya haitoi onyo mara mbili.

Thairista iliyofungwa si swichi iliyofunguliwa. Ikiwa geti halipati amri, bado stima iko mlangoni yangoja, na amri ya bahati mbaya yaweza kuifungua. Usitie mkono mpaka swichi kubwa imekatwa, imepigwa kufuli, na ufunguo uko mfukoni mwako.

Kukata swichi hakutoshi. Ndani mna vihifadhi stima vinavyobaki na mamia ya volti baada ya mtambo kuzimwa. Ngoja muda ulioandikwa kwenye kibao cha mtambo, dakika 5, 10 au zaidi, kisha pima mwenyewe.

Stima ya njia moja haikatiki kirahisi. Ile ya kwenda na kurudi hupita sifuri mara 100 kila sekunde, na moto wa swichi hupata nafasi ya kuzimika. Ya njia moja haina sifuri, moto wake hung'ang'ania. Swichi na fyuzi zisizoandikwa kwamba ni za njia moja zisitumiwe hapo. Na paneli za jua hazizimwi wakati jua linawaka.

Anayeweka kipande cha waya mahali pa fyuzi ajue amechimba kaburi, na huenda si lake. Hili twawaambia wenzetu waziwazi, kama tunavyowaambia wakubwa.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe maelezo, mafunzo na usimamizi ili mfanyakazi awe salama. Mafunzo si fadhili ya bwana. Ni sheria.

MADAI YETU

Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 chatupa haki ya kujiunga na chama na haki ya kupatana kwa pamoja. Basi katika kila mapatano yajayo, wajumbe wetu wa matawi waweke mezani mambo haya:

1. Kila mtambo wa rektifaya au inveta unaonunuliwa kwa fedha za umma uje na vitabu vyake, michoro yake na namba zake, vikabidhiwe kwa mafundi walioajiriwa kuutunza.

2. Mkataba wowote wa kituo cha kugeuza stima, mkubwa au mdogo, uandike idadi ya mafundi wa Kenya watakaofundishwa kuuongoza, na tarehe ya mwisho ya kufanya hivyo.

3. Mwajiri hulipa ushuru wa mafunzo wa Sh. 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi chini ya Sheria ya Mafunzo ya Viwanda. Fedha hizo zilikusanywa kwa jina letu. Zitumike pia kufundisha kazi ya rektifaya, na chama kionyeshwe hesabu.

4. Kila mahali penye pampu au kituo cha jua kama Korbesa, wafundishwe vijana wawili wa mahali hapo, mwanamume na mwanamke, wapewe cheti, vyombo vya kazi na mshahara. Si mmoja, maana mmoja akiugua kisima hufungwa.

5. Fundi anayefanya kazi ya rektifaya alipwe kwa daraja la ufundi stadi, si kwa daraja la mfagizi.

6. Asitumwe mtu peke yake kwenye mtambo wenye volti za kuua, wala bila kipimo, kufuli na vyombo vya kujikinga.

Haya si madai ya kupasua mbingu. Hatujadai kituo cha volti 500,000 kijengwe katikati ya mbuga. Tumedai namba ya siri, kitabu, mafunzo na ujira. Vitu hivyo vinne havimalizi hazina ya mtu.

NENO LA MWISHO

Yako matawi yatakayosema mambo haya ni ya watu wa stima tu. Sivyo. Dereva wa lori la mafuta, mpishi wa shule ya bweni, mwuguzi anayetunza sanduku la chanjo, mfanyakazi wa kiwanda anayerudishwa nyumbani bila ujira stima ikikatika, wote wako nyuma ya geti lile lile. Mwenye kulishika akiwa mmoja, tena yuko mbali, wote huomba. Wenye kulishika wakiwa wengi, tena wako hapa, hakuna anayeomba.

Kwa hiyo makatibu wa matawi wausome waraka huu katika mkutano wa mwezi, kwa sauti, na wasiojua kusoma wapate kusikia. Kila tawi liandike orodha ya rektifaya zilizo mahali pake pa kazi: iko wapi, nani anaitunza, nani ana namba yake, nani amefundishwa. Orodha hizo ziletwe ofisini kabla ya mazungumzo ya mapatano. Mwajiri akituambia hakuna shida, tutamwekea karatasi mezani, asome mwenyewe.

Haba na haba hujaza kibaba. Na ombaomba wa namba ya siri atabaki mlangoni mpaka siku atakapoijua kazi ya mlango.

Umoja wetu ndio nguvu yetu.

Ni sisi ndugu zenu,
Kamati ya Waraka